Chupa Iliyooshwa Mara Tatu

Habari hii nilipewa na Dobi mwenyewe, Jumamosi moja ya mvua, nilipokwenda kuchukua mashuka yangu. Yalikuwa hayajakauka, basi tukakaa tukaongea.

Dobi anafua nguo za watu uani kwake. Mumewe anapiga pasi chumbani. Hakuna doa linalomshinda mama huyu. Nguo ikija, huinusa kwanza, kisha husema, "Huyu kamwagikiwa na mafuta ya taa." Hakosei.

Wana binti mmoja. Wakati huo alikuwa na miaka miwili, na kwa unene wake walimwita Bonge. Siku nyingi Bonge alikuwa mzima, akicheza na vibanio vya nguo. Lakini akipata homa, hata mafua tu, mambo yaligeuka. Alitapika. Aliyumba kama mlevi. Kisha alilala usingizi mzito, kumwamsha kazi.

Mara mbili walimkimbiza hospitali. Mara mbili alipimwa malaria, haikuonekana. Aliwekewa dripu, akapata nafuu, wakarudi nyumbani. Sababu haikujulikana. Tangu hapo Dobi aliogopa usingizi wa mwanawe. Hata Bonge akilala vizuri, mama alimtikisa aone kama ataamka.

Daktari aliwaambia, "Akiugua tena, mleteni upesi. Safari hiyo tutapima na mkojo."

Asubuhi moja homa ikarudi. Bonge alijikojolea mapajani mwa mama yake.

"Twende!" mumewe alisema, mkono uko mlangoni.

"Na nguo hizi? Watu waseme mtoto wa dobi ananuka?"

"Mama Bonge, mtoto hanyanyui hata shingo!"

"Dakika mbili tu."

Dobi alichukua chupa aliyokuwa ameitayarisha, akakinga mkojo uliobaki. Akamwogesha mtoto kwa sabuni ya manukato. Nguo zenye mkojo akaziloweka. Ndipo wakaondoka.

Hospitali, aliikabidhi chupa kwa mpimaji wa maabara. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani, wote wakimwita Shangazi. Shangazi alifungua chupa, akanusa, akacheka.

"Dada, huu ni mkojo au maji ya kufulia?"

"Nimeiosha chupa mara tatu, Shangazi. Kwa dawa ya kung'arishia mashuka."

"Naona. Inang'aa kuliko sahani zangu! Lakini dawa hiyo inaharibu kipimo. Nguo alizokojolea ziko wapi?"

"Nimeziloweka."

Shangazi alishika kichwa. "Haya. Wewe ni dobi, pua yako si ya mchezo. Kabla hujaloweka, ulinusa nini?"

Dobi aliinamisha uso kwa haya. "Sukari iliyoungua. Hata mara zile mbili. Nilidhani kamwagikiwa na soda."

Shangazi hakucheka tena. Aliinuka, akampa kikopo chenye mfuniko.

"Usikioshe! Usiguse ndani. Mkojo ninaoutaka ni wa sasa hivi, akiwa mgonjwa. Akishapona, huenda usionyeshe kitu."

Akaenda mbio kwa daktari. Daktari hakungoja majibu. Aliagiza Bonge asipewe maziwa kwanza, akamwekea dripu yenye sukari. Damu ikachukuliwa pia.

Dobi alikaa na kikopo saa nzima, mkono umekufa ganzi. Mumewe alitaka kumpokea.

"Niache, Baba Bonge. Ile chupa nimeiharibu. Hiki sikiachii."

Mwishowe Bonge akakojoa. Shangazi alikipokea kikopo kama anayepokea yai. Alikifunga, akaandika jina na saa, akakiweka kwenye barafu, kikapelekwa maabara kuu.

Majibu yalipokuja, Bonge alikuwa ameshakaa kitandani, anadai vibanio vyake.

Shangazi alieleza. "Nyama, maziwa, maharage, mwili huvivunjavunja. Mwili wa Bonge unashindwa kuvunja sehemu fulani ya vyakula hivyo. Akiwa mzima anamudu kidogo. Akiugua, inamzidi. Ni kama karo lako la kufulia likiziba. Uchafu unarudi, unafika ubongoni, naye analala vile. Mwingine unatoka na mkojo."

"Kwa hiyo ile harufu?"

"Ilitushtua tu. Harufu peke yake si jibu. Mkojo na damu ndivyo vilivyosema. Ugonjwa huu ni adimu, dada. Miaka yangu yote hapa, huyu ni wa pili."

"Ni mimi nilimlisha vibaya?"

"Hapana. Kazaliwa nao. Na bila pua yako, tungekuwa bado tunatafuta."

Bonge alipewa maziwa maalumu, na chakula chake kikawa cha kupimwa. Karatasi ya maelekezo ya siku za homa ilibandikwa ukutani, juu ya meza ya pasi.

Homa nyingine ilipokuja, Dobi hakuloweka kitu. Alifuata karatasi, akambeba mtoto kwenda hospitali, mikono yake ina povu hadi viwikoni. Alipita mtaani na gauni limelowa mkojo, kichwa juu. Bonge hakufika hata kwenye kuyumba. Siku ya pili walirudi nyumbani.

Mchana huo Bonge alilala juu ya mashuka yaliyokunjwa. Baba alizima pasi, akasinzia kitini. Dobi alimwinamia mwanawe, akamnusa. Alinukia mtoto tu. Akanyoosha mkono amtikise, kisha akaurudisha. Akajilaza kando yake, mguu mmoja ukigusa beseni, na usingizi ukamchukua.