Mapazia Ishirini na Manne

Kila asubuhi kazi yetu ilianza kwa kusikiliza simu.

Binti yangu aliiweka juu ya meza ya kukatia. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, aliacha kupiga pasi akasogea karibu. Mimi nilishika chaki. Halafu sauti za wateja zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine.

"Habari fundi, dirisha la sebuleni upana ni mita moja na nusu, urefu nitakwambia kesho."

"Fundi, ni mimi yule wa juzi. Rangi nimebadilisha."

"Haloo? Haloo? Hiki kitu kinarekodi kweli?"

Tunashona mapazia. Chumba chetu kina cherehani mbili, meza moja ndefu, na dirisha moja ambalo halina pazia. Cheka tu, hata mimi huwa nacheka.

Zamani tulikuwa na kibanda sokoni. Wakubwa wakaja na tingatinga. Tukauliza, sisi twende wapi? Bwana mmoja mwenye shati lililonyooka akajibu, "Nendeni mtandaoni. Dunia imebadilika." Alisema kama vile mtandaoni ni mtaa wa pili, mkono wa kushoto. Mlango hakutuonyesha.

Tukaenda hivyo hivyo. Mke wangu ndiye aliyefungua ukurasa wa biashara. Alipiga picha mapazia yetu, akaweka namba ya simu yake, hii hii tunayoisikiliza. Vipimo vya wateja wote alikuwa navyo kichwani.

Halafu alikwenda kujifungua mtoto wetu wa mwisho. Hawakurudi, yeye wala mtoto. Ile wodi ya wazazi haikuwa na pazia hata moja. Nilimwona kutoka mlangoni, na kila aliyepita mlangoni alimwona pia. Baadaye nilikwenda ofisini kuuliza kwa nini. Wakaniambia, "Bajeti, mzee." Neno moja tu, na mkono wa kunionyesha njia ya kutokea.

Kwa hiyo utanielewa nikikwambia nilivyojisikia miezi saba baadaye, matroni wa wodi ileile alipotutumia ujumbe wa sauti. Wauguzi walikuwa wamechangishana wenyewe. Walitaka mapazia ishirini na manne, moja kwa kila kitanda. Kwanza tushone manne ya majaribio.

"Haya nitayakata kwa mkono wangu," nilimwambia binti yangu. "Mtu asiguse."

Nikayakata. Tukayashona, tukayatuma.

Siku ya Jumanne matroni alikuja mwenyewe, na mfuko mkononi. Hakukaa. Alitoa pazia moja akalishika juu kwa mikono miwili. Lilimfika mapajani.

"Fundi," alisema, "hili ni pazia au kaptula?"

Shemeji aliangalia chini.

"Nilisema sentimita mia mbili na kumi. Nilisema mara mbili. Umenikatia mia na kumi."

Nikamwambia binti yangu afungue ule ujumbe tusikilize tena.

"Haupo, baba. Tuliufuta."

"Mmefuta oda yangu?" matroni aliuliza.

"Simu imejaa, mama. Tukishasikiliza tunafuta, ili wengine wapate nafasi."

Nilitazama meza. Pale nilipoandika kwa chaki, vitambaa vya watu wengine vilikuwa vimepita na kusugua. Mbili yangu ilibaki kijistari. Nikaisoma moja.

Matroni alikunja pazia. "Ofisa manunuzi wa hospitali amefurahi sana. Amesema, fundi wa mtaani ni wa mtaani tu. Ana mtu wake wa kuleta mashuka ya plastiki ya kutundika badala ya mapazia. Ijumaa anakuja kupima na tepu yake. Manne yakiwa sawa, kazi ni yako. Yasipokuwa sawa, fundi, mimi nitakuwa sina la kumjibu."

Alipoondoka, nilipiga meza kwa ngumi mpaka makasi yakaruka.

Huyo ofisa manunuzi ni yule yule aliyeniambia "Bajeti, mzee." Wakati mke wangu yupo pale, hata plastiki hazikuwepo. Leo wauguzi wametoa pesa zao mfukoni, ghafla plastiki zina mtu wa kuzileta!

Jirani yetu wa mlango wa pili ni karani wa vifurushi kwenye ofisi ya mabasi. Mchana ule alipita kuchukua mizigo yetu. Alitukuta tumenuna kama tumefiwa upya. Shemeji akamweleza yote.

"Nionyesheni mnavyopokea oda," alisema.

Tukamwonyesha simu, chaki na meza.

"Jirani," aliniambia, "unaitumia simu kama redio. Unasikiliza, halafu basi. Huko kwetu mizigo mia inaingia kwa siku. Tungekuwa tunasikiliza tu, mpaka leo tungekuwa tunatafuta mifuko ya mwaka juzi."

"Sitaki," nilisema. "Wakivunja kibanda, tubadilike sisi. Wakikosa bajeti, tuelewe sisi. Sasa na simu nayo tubadilike? Wao wanabadilika lini?"

"Mimi siyo wao."

"Najua, dada, lakini..."

"Ijumaa ukikosea tena, nani atafurahi?"

"Yule wa manunuzi."

"Basi mnyime hiyo furaha."

Shemeji alicheka kwanza, kisha binti yangu. Nikavuta kiti. "Haya, karani. Fundisha."

Alishika simu, akakunja uso. "Mbona imejaa hivi? Kuna sauti mia tatu na zaidi hapa."

Binti yangu ndiye aliyesema, "Za mama."

Hapo kosa letu likawa wazi. Tulikuwa tunafuta kazi ya wateja ili tusifute sauti yake. Hakuna aliyetuamuru. Hatukuwahi hata kulizungumza.

Karani hakutucheka. "Hamna haja ya kufuta chochote," alisema. "Kabla hujahama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, unatoa nakala kwanza. Nakala mbili, mahali pawili. Moja kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Na usiamini mpaka umeifungua ile nakala ukaisikia."

Tukafanya hivyo. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha akafungua nakala moja, na mke wangu akaongea chumbani:

"Wewe baba, nimesema uzi mweusi. Mweusi! Siyo bluu. Macho unayo."

Shemeji alijifuta uso kwa upindo wa kitambaa cha mteja. Sikumkaripia.

Baada ya hapo mambo hayakuwa magumu kama nilivyodhani. Karani alitutengenezea fomu ya mtandaoni, ya bure. Mteja anapata kiungo, anabonyeza, fomu inafunguka kwenye simu yake. Anaandika jina, namba, upana wa fimbo ya pazia, na urefu kutoka kwenye fimbo hadi anapotaka pazia liishie. Anaweka na picha ya dirisha. Asipojaza kipimo, fomu inakataa kutumwa.

"Inakataa?" niliuliza.

"Inakataa kabisa. Hata ajigonge kifua."

Nikaanza kuipenda.

Majibu yote yanaingia kwenye jedwali moja, kila oda na mstari wake. Binti yangu analiona kwenye simu yake, shemeji kwenye yake, mimi kwenye yangu. Kila mmoja anaingia kwa namba yake mwenyewe. "Neno la siri usimpe mtu," karani alionya, "hata akipiga akasema yeye ni wa kampuni ya simu." Kuna sehemu ya kuonyesha kazi ilipofika: mpya, imekatwa, imeshonwa, imetumwa.

Programu ya ujumbe nayo tuliibadilisha. Tukaweka ile ya biashara, kwa namba ileile, ili wateja wasipotee. Hii ina majibu yaliyoandikwa tayari. Mtu akiuliza "Mnashona siku ngapi?", binti yangu anabonyeza mara moja, jibu limekwenda. Zamani alijibu swali hilo mara ishirini kwa siku, cherehani imesimama.

"Na kabla ya kukata," karani alisema, "mrudishie mteja vipimo vyake kwa maandishi. Akijibu ndiyo, ndipo ushike makasi."

"Tuanze na wote?"

"Hapana. Anza na oda tano. Ukiona inakwenda, hamisha zilizobaki."

Oda ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa ya matroni. Tukamtumia kiungo Jumatano asubuhi. Aliijaza akiwa wodini, anapima kitanda kimoja kimoja, kwa sababu fomu ilimdai kipimo cha kila pazia. Mchana akapiga simu.

"Fundi, kumbe reli za kutundikia mapazia siyo sawa! Vitanda sita vya ukutani reli iko juu. Ni mia mbili na arobaini. Sikuwahi kujua."

Kwa hiyo hata ningemsikia vizuri siku ile, bado sita yangekosewa. Tukamrudishia vipimo. Akajibu ndiyo. Nikashika makasi.

Ijumaa nilikwenda mwenyewe, nimevaa viatu. Ofisa manunuzi alikuja na tepu na watu wawili wa kumtazama. Alipima pazia la kwanza. Mia mbili na kumi. La pili, la tatu, sawa. La nne lilikuwa la kitanda cha ukutani, ambako reli iko juu. Nikamwona anataka kutabasamu. Akapima. Mia mbili na arobaini, na reli ni mia mbili na arobaini. Akapima tena, kuanzia chini.

"Hata ukilala upime, mkubwa, ni hiyo hiyo," nilisema.

Mama mmoja kitandani alicheka mpaka muuguzi akamwambia atulie, ana mshono.

Yale ishirini yaliyobaki tuliyamaliza kwa siku kumi na moja. Zamani ingekuwa mwezi, na nusu yangerudishwa. Mwezi ule halikurudi pazia hata moja. Asubuhi sasa tunafungua jedwali, kila mtu anajua la kufanya, na saa mbili cherehani zote zinalia. Wodi mbili nyingine ziliomba kiungo. Zipo kwenye foleni.

Juzi simu ililia. Sauti nzito.

"Fundi, hapa ni ofisi ya manunuzi. Tunataka mapazia ya ofisi yangu. Andika, upana ni..."

"Siandiki, mkubwa. Nakutumia kiungo, ujaze fomu."

"Fomu? Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ila fomu haina mahali pa cheo. Ina upana na urefu."

"Na nikijaza, unashona lini?"

Niliangalia jedwali. "Mbele yako kuna wodi ya watoto, na wodi ya upasuaji. Kisha kuna bibi mmoja mwenye dirisha la jiko. Wewe ni wa baada ya bibi."

"Hiyo ni lini?"

"Bibi akishapata lake," nilisema, nikakata simu, nikarudi kwenye kitambaa cha watoto.