Ufunguo wa Ghala la Hisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Urvi alichemsha chai ya tangawizi na kumpelekea baba yake, Pappa, kikombe cha kwanza kwenye bembea ya sebuleni. Pappa, ambaye majirani wa mtaani kwao Bhavnagar walimwita Prafulbhai, alikuwa fundi wa kung'arisha almasi. Alikunywa chai huku simu ikiwa gotini, akisubiri soko la hisa la Mumbai lifunguliwe. Hakuwa mtu wa kununua na kuuza kila siku. Alitazama bei tu, kama mkulima anavyotazama shamba lake, kisha akapanda skuta kwenda karakanani.

"Pappa, hizo hisa zinakaa humo ndani ya simu?" Urvi alimuuliza siku moja.

"Ndani ya simu? Si ikianguka chooni tutakufa njaa!" Pappa alicheka. "Sikiliza. Mimi nina akaunti tatu. Ya benki ni mfuko wa pesa. Ya biashara ni mlango wa sokoni, ndiyo inayopeleka amri ya kununua au kuuza. Ya tatu inaitwa demat. Hiyo ndiyo ghala. Zamani hisa za babu yako zilikuwa karatasi ndani ya sanduku la bibi yako, Ba. Sasa zimeandikwa kwenye ghala la kompyuta, kwa jina langu. Mlango wa sokoni unasimamiwa na dalali, lakini ghala halifunguki mpaka mimi mwenyewe nikubali."

"Unakubalije?"

"Namba ya siri inakuja kwenye simu hii. Hiyo ndiyo ufunguo. Usimsomee mtu, hata awe nani."

Urvi akaitikia kwa kichwa. Kuitikia ni rahisi, hakutozwi kodi. Kukumbuka ndiko kunakotushinda wengi.

Mwaka ule, siku chache kabla ya Diwali, Pappa alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Madaktari walimpima wakasema kilango kimoja cha moyo wake kimechakaa, lazima kibadilishwe. Upasuaji ulipangwa kufanyika mara tu baada ya Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya unaoanza baada ya Diwali, ambapo wafanyabiashara wa Gujarat hufungua tena maduka yao. Hospitali ilitaka ilipwe kwanza.

"Tuuze hisa leo leo," alisema Mummy.

Ba, mama yake Pappa, alikataa katakata. "Kuuza mali kabla ya Diwali? Unataka kumfukuza Lakshmi, mungu wa mali, mlangoni? Kabla ya Diwali watu hununua, hawauzi! Ngojeni sikukuu ipite."

Pappa naye hakutaka kumvunja moyo mama yake. Basi wakangoja, Pappa akiwa amelazwa. Mummy akahamia hospitalini kumuuguza mumewe, na simu ya Pappa ikaachwa nyumbani kwa sababu daktari alikataza asisumbuliwe. Macho ya Ba yalikuwa hafifu, kwa hiyo simu ikawa mikononi mwa Urvi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alijiona mtu mzima kweli kweli.

Jioni ya Diwali Ba alikuwa jikoni akikaanga ghughra, sambusa tamu za sikukuu, na nje watoto walikuwa wakiwasha fataki. Hapo akaingia Hareshbhai, wakala wa kampuni ya udalali. Ndiye aliyemfungulia Pappa akaunti zake miaka mingi nyuma, na kila sikukuu alikuja kula kwao. Alikaa kwenye bembea ya Pappa bila kukaribishwa.

"Beta, mwanangu, saa ya heri inakaribia," alisema. Jioni ya Diwali soko hufunguliwa kwa saa moja tu, na kila nyumba yenye hisa hununua angalau moja ili mwaka uanze kwa baraka. "Baba yako hajawahi kukosa hata mwaka mmoja. Leo anaumwa, halafu nyumba yake ikose baraka? Hapana. Mimi nitamnunulia."

"Nimpigie Mummy kwanza?"

"Umsumbue mama yako wodini kwa hisa moja? Wewe si msichana mkubwa? Namba itaingia sasa hivi. Nisomee tu."

Krupa, binti wa jirani, alichungulia mlangoni akiwa na kasha la fataki. "Urvi, unakuja au umeshakuwa bibi kizee? Tutazimaliza zote peke yetu!"

"Nakuja! Subiri kidogo!"

Simu ikatoa mlio. Ujumbe ulikuwa mrefu, una maneno mengi na tarakimu sita. Urvi alizisoma tarakimu kwa sauti, akaruka nje. Maneno hakuyasoma.

Aliyasoma kesho yake, siku ya mwaka mpya, wageni walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupeana heri. Ujumbe haukutaja kununua hata kidogo. Ulisema hivi: namba hii ni ya kuthibitisha kwamba hisa zako zinawekwa rehani. Chini yake yalikuwa majina ya kampuni tatu, zile za hisa kubwa kuliko zote alizoacha babu. Urvi alikwenda kujifungia bafuni, akampigia Hareshbhai.

"Ah, beta, hiyo ni dhamana tu," Hareshbhai alisema kwa sauti laini. "Nimeona nafasi nzuri ya biashara. Faida itamlipia baba yako hospitali na chenji ibaki. Hisa ziko palepale ghalani."

"Lakini Pappa hakusema..."

"Sasa unataka kumwambia? Mwenye moyo mgonjwa? Ukimshtua akafa, utasemaje? Nyamaza, mimi nitazitoa rehani kimya kimya."

Urvi alimpenda baba yake kuliko kitu chochote, na kuambiwa kwamba ulimi wake unaweza kumuua kulimtisha kuliko rehani yenyewe. Akajipa matumaini. Bazaa yote ya Bhavnagar ilikuwa imefungwa. Muuza nguo, muuza mafuta, hata karakana za almasi zilikuwa na makufuli mpaka Labh Pancham. Aliamini soko la hisa nalo limelala. Si sikukuu ni moja? Hareshbhai atazitoa, hakuna litakalotokea.

Lakini Mumbai haifuati makufuli ya Bhavnagar. Siku iliyofuata mwaka mpya, soko lilikuwa wazi asubuhi na mapema. Hareshbhai aliingia na hisa za watu kwenye biashara ya kubahatisha bei, ambayo humpa wakala kamisheni akipata na akikosa. Akakosa. Akaongeza dau, akakosa tena. Kampuni ya udalali haikungoja mtu, ikauza zilizokuwa rehani kufidia hasara.

Ujumbe uliingia mmoja baada ya mwingine: zimeuzwa, zimeuzwa. Kila ujumbe Urvi aliousoma, aliufuta. Hareshbhai hakupokea simu tena. Ba alimwuliza mbona hali chakula, akajibu kwamba amevimbiwa na vitamu vya sikukuu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na nyumba ile maradhi yalikuwa mawili.

Siku ya Labh Pancham Mummy alirudi nyumbani kuuza hisa. Alifungua simu, akatazama, akaifunga, akafungua tena. Ghalani zilibaki hisa za kampuni mbili ndogo, moja ya chai na nyingine ya saruji, ambazo dalali hakuzikubali kuwa dhamana.

"Urvi, kuna mtu aliyeshika simu hii?"

"Sijui, Mummy."

"Hareshbhai alikuja?"

"Alikuja kula tu."

Mummy alikwenda jikoni, akapaka mikono mafuta na kuanza kuvuta bangili zake za dhahabu, zile alizovalishwa siku ya harusi. Zilikuwa zimebana, zikamchubua ngozi. Ba alimsikia akiguna kwa maumivu, akaja akipapasa ukuta.

"Unafanya nini, wewe! Mikono mitupu ni ya mjane! Mwanangu hajafa!"

"Atakufa nisipozivua, Ba," Mummy alisema, na ndipo machozi yakamtoka. "Hisa zimekwisha. Sijui zimekwendaje."

Ba alikaa sakafuni palepale, akaanza kujipiga kifuani. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyesema msiuze. Nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu!"

Urvi alisimama mlangoni akiangalia mikono mitupu ya mama yake na bibi yake akijilaumu kwa kosa lisilo lake. Hakuweza tena.

"Si wewe, Ba. Ni mimi. Nilimsomea Hareshbhai namba. Kisha ujumbe ulipokuja, nikafuta."

Kofi la Mummy lilikuja kabla neno la mwisho halijaisha. Kisha Mummy akamkumbatia kwa nguvu, wote wawili wakalia.

Akaunti ilikuwa ya Pappa, kwa hiyo ni yeye tu aliyeweza kuifunga na kulalamika. Mummy aliogopa kumwambia. Urvi akasema, "Nitamwambia mwenyewe." Alikwenda wodini, akasimama kando ya kitanda na kusema yote, hata lile la kufuta. Pappa alifumba macho. Mashine ya moyo iliendelea kulia juu ya kichwa chake, na Urvi alihesabu kila mlio akidhani ndio wa mwisho.

"Leteni simu," hatimaye Pappa alisema. "Kwanza tulifunge ghala, kisitoke kingine." Alipomaliza kulifunga, akamgeukia mkewe. "Nenda kwa dalali. Watakuambia nilikubali. Rehani imekubaliwa, sawa. Lakini amri za biashara zile alizitoa nani? Waambie wakuonyeshe."

Meneja wa ofisi ya udalali alikuwa na adabu nyingi na msaada kidogo. "Dada, mfumo unaonyesha mwenye akaunti alithibitisha kwa simu yake."

"Mwenye akaunti amelala na mirija puani," Mummy alijibu. "Alikupigieni simu akaagiza biashara hizo? Nisikilizishe sauti ya mume wangu."

Meneja alitafuta, akamwita mwenzake, naye akatafuta. Sauti haikuwepo, wala maandishi yoyote ya amri. Adabu ikampungua, jasho likaongezeka. Mummy akaandika malalamiko mezani kwake, na mengine akayapeleka kwa wasimamizi wa soko.

Lakini haki huenda polepole, na moyo mgonjwa haungoji. Zile hisa za chai na saruji ziliuzwa, bangili zikaenda kwa sonara, na bado upasuaji ukasogezwa mbele mpaka pesa itimie. Katika siku zile za kungoja maji yalimjaa Pappa mapafuni. Alipoingizwa chumba cha upasuaji, daktari hakuahidi chochote. Mummy alikaa nje akiwa na bangili za kioo za bei ya chini, alizonunuliwa na Ba ili mikono isiwe mitupu. Urvi alikaa karibu yake bila kuthubutu kumshika.

Pappa alipona, lakini si yule wa zamani. Alikuwa dhaifu mno, na vidole vyake vilitetemeka. Fundi wa almasi anayetetemeka hana kazi. Urvi alihamishwa kutoka shule ya kulipia akapelekwa ya manispaa, na jioni alimsaidia Ba kusukuma chapati kavu za khakhra za kuuza. Miezi mingi baadaye uamuzi ulitoka: Hareshbhai alifukuzwa uwakala, na kampuni ikaamriwa kurudisha sehemu ya hasara, kwa kuwa biashara zile hazikuwa na amri ya mwenye akaunti. Sehemu iliyobaki ilipotea. Majirani walishangaa kwamba ni Hareshbhai, mtu aliyekula nyumbani kwa Pappa kila sikukuu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni ile ya uamuzi, Pappa alimwita Urvi akae karibu naye.

"Pappa, nisamehe kwa ile namba."

"Ile namba nilikusamehe zamani," Pappa alisema. "Ulidanganywa na mtu mzima aliyejua kazi yake. Hata mimi nilimwamini. Ninalotaka ulielewe ni lile la pili. Siku ya mwaka mpya hisa zilikuwa rehani tu, bado ni zetu. Ungesema siku ile, tungelifunga ghala na kumzuia. Zilipotea wakati umenyamaza."

Urvi aliinamisha kichwa. "Aliniambia nikisema, moyo wako utapasuka."

"Mwizi lazima aseme hivyo. Kila anayemwambia mtoto 'usiwaambie wazazi wako' ana kitu anachoiba, Urvi. Mtu wa namna hiyo ukimsikia, usingoje kumaliza kumsikiliza, njoo mbio." Pappa alivuta pumzi, maana maneno mengi bado yalimchosha. "Kabla ya kutoa namba, soma maneno yaliyo juu yake. Ukishakosea, sema siku hiyohiyo. Moyo wangu madaktari wameupasua wakaushona, nao unadunda. Utahimili habari mbaya. Lakini siku zile niliporudi nyumbani, kila nilipokuuliza jambo dogo, nilijikuta najiuliza kama unanidanganya. Hilo liliniuma kuliko mshono."

Urvi alilia kwa sauti. Pappa hakumnyamazisha. Alimwekea kichwani mkono wake unaotetemeka, akauacha hapo mpaka Ba alipowaita kula.