Diski za Bwana Nafuu

Jumapili hiyo nyumba ya kinyozi wetu ilikuwa imetulia tuli. Mtoto mchanga alikuwa ameshaogeshwa, kalala mapajani mwa mama yake. Mama huyo ni binti aliyelelewa na kinyozi na mkewe, kwani mama yake mzazi, mdogo wa mke wa kinyozi, alifariki muda mfupi baada ya kumzaa. Uso wa mama yake aliwahi kuuona kwenye picha tu, tena zamani, akiwa bado hajapata akili ya kuushika.

"Mama mkubwa," akasema, "kila anayekuja kunipongeza anasema mtoto kafanana na marehemu. Hebu niwekeeni zile picha na mimi nimwone."

"Baba yako mkubwa atakuwekea sasa hivi," mama mkubwa akajibu kwa furaha.

Kinyozi akainuka kwa madaha, akaelekea dirishani. Na hapo dirishani, jamani, ndipo penye balaa.

Mtaa mzima tunamwita Bwana Nafuu kwa sababu hajawahi kununua kitu bila kuuliza kama hakuna cha chini ya hapo. Mimi ni mpiga picha, jirani yake ukuta kwa ukuta. Miaka ile alipotaka kuhamishia picha za familia kwenye diski, nilimwambia kwa mdomo wangu huu: "Zile zisizo na jina la mtengenezaji achana nazo. Na zile za kufuta na kuandika upya si za kuhifadhia kumbukumbu."

"Ah, jirani, diski ni diski!" akacheka. "Zote duara, zote zinang'aa. Wewe unataka ninunue jina?"

Nilipoona haambiliki, nikampa diski moja nzuri ya kwangu, bure, ndani ya kasha lake. "Basi angalau picha za marehemu zitie humu," nikamsihi. Akaitikia kwa kichwa. Mtu akikuitikia kwa kichwa, unafanya nini zaidi?

Alichofanya yeye nawaambieni mkasirike pamoja nami. Alinunua bunda la zile za ovyo. Akazibandika karatasi za gundi, akaandika juu yake kwa kalamu ya biki huku akikandamiza. Makasha aliyaona ni ufujaji, hivyo akazitunga diski zote kwenye fimbo ya pazia kama shanga, pale jua linapopiga mchana kutwa. Wageni wakasifu zinavyometameta! Kisha akafuta picha zote kwenye kamera na kwenye kompyuta, apate nafasi ya filamu.

Basi Jumapili hiyo akachomoa diski ya kwanza, akaitia kwenye kompyuta. Mashine ikakoroma, ikakataa. Akaifuta diski kwa pindo la shati. Ikakataa tena. Ya pili ikasoma kwamba haina kitu. Ya tatu ilikuwa imenyanyuka karatasi. Alipoivuta, ule utando unaong'aa ukabanduka nayo, ikabaki plastiki tupu unayoweza kuchungulia upande wa pili.

"Kulikoni?" mkewe akauliza.

"Mashine hii mbovu tu."

Wakaniletea studio furushi zima. Nilijaribu kila mashine niliyo nayo, na kila diski ikaninunia. Mwishoni Bwana Nafuu akatoa mfukoni ile ya kwangu, safi kabisa ndani ya kasha lake. Nikashusha pumzi. Binti akasogea nyuma ya kiti changu, mtoto begani. Diski ikafunguka mara moja.

Kiti. Picha inayofuata, kiti kwa ubavu. Kiti kwa nyuma. Kiti kimetandikwa taulo.

"Hiki ni nini?" mkewe akauliza taratibu.

"Ni... kile kiti changu kipya cha kunyolea. Nilitaka niwe nawaonyesha wateja. Nikaona diski nzuri ikae na kitu cha kazi."

"Baba mkubwa," binti akasema, "na mama yangu yuko wapi?"

Bwana Nafuu akainama, akaanza kuzikusanya diski zake. Nami kwa hasira nikaizima ile picha ya kiti.

Binti akamgeukia mama yake mkubwa. "Basi niambie wewe. Hiki kishimo cha shavuni alicho nacho mwanangu, ni cha mama?"

"Alikuwa nacho," akasema. "Alikuwa nacho upande wa..." Akagusa shavu lake la kulia, akagusa la kushoto, akarudi la kulia. "Mwanangu, nisamehe. Sikumbuki."

FUNZO

Ubahili wa mahali pasipostahili ni uharibifu. Kwa picha unazozitaka zidumu, nunua diski ya mtengenezaji anayeaminika, ya kuandikwa mara moja tu. Usiibandike karatasi wala kuikwaruza kwa biki. Andika kwa makapeni, ile kalamu ya wino yenye ncha laini, taratibu. Itie kwenye kasha, uikinge na jua na joto. Tengeneza nakala mbili, moja ikae kwa ndugu, na usifute picha za awali hata baada ya hapo. Kila mwaka zifungue uzione. Ikianza kusitasita, hamishia kwenye mpya.

Hayo yote nimeyasema mtaani hadi sauti imekauka, na bado najua kuna mtu anaitikia kwa kichwa. Wewe unayeitikia, nenda kafungue za kwako leo, kabla hajatokea mtoto wa mtu kukuuliza mama yake alifananaje.