Bakteria wa Bwana Samaki

Hakuwa na viatu vya mpira vya kuingilia matopeni, hakuwa na godoro lake mwenyewe, hakuwa na baba wala mama wa kumtetea. Alichokuwa nacho ni namba moja katika somo la sayansi, na kwa hiyo binamu yake alimwita Profesa, kwa kejeli.

Kila asubuhi kabla ya shule, Profesa alichanganya chakula cha kambale ambao shangazi yake aliwafuga bwawani. Mtaalamu wa ufugaji, ambaye wote walimwita Bwana Samaki, alikuwa ameleta unga wa bakteria wa kuzuia magonjwa. Aliagiza ukorogwe katika maji ya kisima, kisha unyunyizwe kwenye chakula.

Siku ya ishirini ya kutumia unga huo, kambale tisa walielea matumbo juu, miili imejaa vidonda.

"Ametuuzia chokaa, mwizi yule!" shangazi alifoka. Siku hiyohiyo akampelekea mkuu wa Bwana Samaki barua ya mashtaka.

"Mimi namshuku Profesa," binamu alidakia. "Tangu aje, hata kuku wanataga kwa manung'uniko."

"Funga bakuli lako!" shangazi alimkemea.

Profesa alijua unga haukuwa na kosa. Kila asubuhi alikuwa akitia kizibo kimoja cha klorini, dawa ya kusafishia maji ya kunywa, ndani ya ndoo. Shuleni alisoma kwamba bakteria huleta kipindupindu, akashangaa mtu mzima na akili zake kuwalisha samaki uchafu.

Kesho yake Bwana Samaki alifika. Hakupewa kiti.

"Mama, nimepewa siku saba nijieleze, la sivyo sina kazi. Bakteria hawa ni walinzi. Wakijaa tumboni mwa samaki, wale wabaya hukosa pa kukaa. Nani anachanganya?"

"Huna haya!" shangazi alimkaripia. "Sasa unamsingizia mtoto wa marehemu kaka yangu? Mikono yake ni safi kuliko yako!"

Tangu aingie nyumba ile, Profesa hakuwahi kutetewa hivyo. Alisogea mbele.

"Shangazi, ni mimi. Nilitia klorini. Nilitaka kuua vijidudu."

"Umewaua kweli," alisema Bwana Samaki. "Umeajiri walinzi, ukawanywesha sumu mlangoni."

Binamu alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi alimtazama Profesa kwa jicho ambalo lingekausha bwawa.

Bwana Samaki aliwatenga wagonjwa, akabadilisha nusu ya maji, akasimama kando huku Profesa akichanganya unga katika ndoo mpya, bila klorini. Siku ya pili walikufa wawili; ya tatu, mmoja. Siku ya tano hakufa hata mmoja, na walionusurika wakaanza kugombania chakula.

Siku ya sita shangazi alibwaga karatasi mezani.

"Mwandikie mkuu wa Bwana Samaki. Anza na klorini yako. Kisha andika kwamba mimi nilimtukana mtu bila kuuliza."

"Na hilo pia, shangazi?"

"Umekuwa kiziwi? Hilo pia! Na usidhani nimekusamehe. Usipojua, uliza. Ukiharibu, sema mapema, kabla mwingine hajatwishwa mzigo wako."

Profesa aliandika kurasa mbili. Shangazi alizisoma zote, akatia sahihi yake chini ya ile ya Profesa, akalamba bahasha na kuikandamiza kwa ngumi.

"Chukua baiskeli," alimwamuru binamu. "Mkabidhi mkuu mwenyewe, mkononi. Na usicheke njiani!"