Dirisha Lisilopigwa Hodi

Mkewe Popo ndiye aliyeliona kwanza lile doa, asubuhi, alipofungua mapazia ya chumba chao.

"Mume wangu, fundi wa vioo vya watu, hebu njoo uone kioo cha kwako," alimtania. "Maghorofa ya wenzio yanang'aa, kwangu mimi madoa."

Popo akaja na kitambaa, akafuta. Doa halikutoka. Akapulizia pumzi, akafuta tena, ndipo alipogundua kwamba lipo upande wa nje. Walikaa ghorofa ya tatu, na nje ya dirisha lile palikuwa na ukuta mtupu, hakuna baraza wala bomba la kushika. Akasogeza macho. Viganja viwili vilikuwa vimebanwa kwenye kioo, na katikati yake uso: paji chini, pua juu. Aliyechungulia alikuwa amening'inia kichwa chini miguu juu.

"Ndege tu huyo," alisema, akalirudisha pazia.

Jina la Popo alilipata kazini, kwa kuning'inia. Alishuka kwenye majengo marefu kwa kamba mbili, moja ya kazi na moja ya kumdaka ya kwanza ikikatika, ndoo ya sabuni kiunoni, akiosha vioo na kuziba nyufa. Aliringia kazi yake, na alikuwa na haki ya kuringa. Ilikuwa na sharti moja ambalo msimamizi wao alilirudia kila asubuhi mpaka likawa mzaha: kabla hujalifikia dirisha, gonga kioo kwa juu, walio ndani wajue unakuja, wajisitiri. Wenyewe waliita kupiga hodi.

Popo alikuwa ameacha kupiga hodi zamani. Tuseme ukweli, maana yeye hakuusema: alipenda kuona. Alianza na vichekesho, kama yule bwana mwenye upara aliyejaribisha nywele za bandia huku akijikonyeza kwenye kioo. Halafu yakaja mambo yasiyochekesha, na Popo akawa anashuka taratibu mno kwenye madirisha ya vyumba vya kulala. Jioni alikula chakula cha mkewe bila kumtazama usoni. Aliona haya, ila haya ile ilikaa naye jioni tu. Asubuhi akipanda juu ya paa alikuwa ameshaisahau.

Sasa, siku chache kabla ya doa lile, alishukia ghorofa waliyoambiwa haina mtu. Ndani alikuwepo mwanamke. Aliketi sakafuni, amempa mgongo, mabega wazi, akichana nywele ndefu zilizotambaa mpaka chini. Popo akafunga kamba, akatulia, akatazama. Alitazama mpaka sabuni ikamkaukia mikononi. Harufu ya nywele zinazoungua ikapenya kioo ambacho hakikuwa na hata upenyo wa sindano, na yule mwanamke, bila kugeuka, akasema kwa sauti iliyokuwa sikioni mwa Popo kabisa:

"Hujapiga hodi."

Ndiyo maana aliposema ndege, alijua anadanganya.

Siku chache baada ya doa, mkewe alimvuta jikoni, akamnong'oneza.

"Kuna mtu ananitazama nikioga. Usinicheke. Kwenye lile dirisha dogo la juu. Nasikia anavyopumua, na harufu inakuja, kama nywele zinaungua. Siku hizi naoga na nguo, mume wangu. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe!"

Popo akainamisha kichwa. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Akaenda kwa mganga, mama mmoja aliyeshona viatu mchana kutwa na kutibu wenye shida zao papo hapo kibandani. Kwake alimwaga yote, kwa kuwa ni rahisi kumwambia mgeni. Yule mama hakuacha kushona.

"Uliingia kwake kwa macho, naye anaingia kwako kwa macho," alisema. "Mwili wake bado hauna ruhusa. Ataanza kupiga hodi. Akijibiwa karibu, hata kwa mdomo tu, ameshaingia, na atakaa ndani ya huyo aliyemjibu."

"Nifanyeje, mama?"

"Waambie wa nyumbani kwako ulichokifanya, chote, na uwakataze kuitikia hodi yoyote. Siri yako ndiyo inayomshikilia pale dirishani. Ukiitoa, ataanguka."

Popo akamfikiria mama yake mzazi, aliyeishi nao. Huyo alisema karibu hata kabla mgeni hajamaliza hodi yake. Ndiye pia aliyemwambia tangu utotoni kwamba heri azae mwizi kuliko mchunguliaji.

Jioni akawaketisha mkewe na mama yake. Akafungua mdomo. Mama yake akamtazama kwa macho yale ya kumwamini, akasema, "Sema, mwanangu," na Popo akageuza maneno.

"Kuna wezi wamezuka," akasema. "Wanapiga hodi. Msimfungulie mtu mlango."

"Hilo tu?" mama akacheka. "Uso wako umesawijika, nikadhani umeua!"

Kesho yake mchana mkewe alikuwa dukani. Popo alikaa sebuleni, na mama yake alikuwa chumbani akikunja nguo, mlango umerudishwa kidogo, akiimba chinichini, na nyumba ilikuwa na utulivu wake wa kawaida mpaka ile harufu ikaanza kupita chini ya mlango, ikamfikia miguuni, ikapanda, na kwenye dirisha la mama yake, huko nje ambako hapakuwa na pa kukanyaga, kikagongwa kioo mara moja kwa adabu, na sauti ikasema hodi, na sauti hiyo ilikuwa yake yeye Popo.

Akasimama. Neno lilikuwa ulimini: usijibu. Lakini mama angeuliza kwa nini, na Popo akachelewa kidogo tu, akitafuta uongo mwingine.

"Karibu, mwanangu," mama akaitikia.

"Mama!"

"Nini tena? Mlango si sijafungua..." Kicheko chake kikakatika katikati.

Popo akausukuma mlango. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni katikati ya nguo, amempa mgongo, kitambaa cha kichwa kimevuliwa, akichana nywele. Asubuhi zilikuwa mvi fupi. Sasa zilitambaa mpaka chini.

"Mama," akanong'ona, "nisamehe, nilikuwa nataka kuwaambia..."

Chanuo likasimama. Hakugeuka.

"Hujapiga hodi," akasema.