Pimamaji Amesema Ufutwe

"Hivi huyu Pimamaji ndiye mkwe wangu, au wako wawili?"

Mama aliuliza hivyo akiwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, simu ya bintiye mkononi na miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Binti huyo, Mkutubi, alikuwa pembeni anakunja nguo. Akaiacha ile kanga nusu nusu. Alijua mama ameona nini, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeusahau ule ukurasa wazi alipotoka kwenda kuanua.

"Ni yeye, mama."

"Basi anasema mimi nilikuwa karani."

Hakulisema kwa hasira, na hapo ndipo Mkutubi alipochomwa moyo. Mama alikuwa mtu wa maneno. Siku nyingine angemtolea huyo Pimamaji kauli moja mkacheka mpaka mbavu ziume. Siku hiyo alirudisha simu, akavua miwani, akageukia ukutani.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo ili usinilaumu.

Mkutubi alitunza maktaba ya shule moja ya wasichana, na jioni kazi ikiisha alikuwa na kazi ya pili isiyo na malipo. Aliandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika mradi aonyeshe habari kaitoa wapi. Yeye na wenzake wachache walijitwika mzigo wa kuwaingiza wanawake kwenye historia ya vyuo vikuu, maana ukisoma historia hiyo humo ndani ungedhani wanawake walikuwa wakikatiza tu viwanjani kwenda sokoni. Humo ndimo alimokutana na Pimamaji. Walianza kwa kugombana kuhusu mwaka aliozaliwa mwalimu mmoja wa kemia, wakagombana tena kuhusu picha yake, na kufikia ugomvi wa tatu kila mmoja alikuwa akiusubiri ujumbe wa mwenzake kuliko mshahara.

Alikuwa mwandishi wa gazeti. Jina la Pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, walimpa wahariri wenzake wa kamusi kwa kuwa haegemei upande: akisema ukurasa ubaki, unabaki, akisema ufutwe, wengine wanafuata. Mama aliposikia jina hilo alicheka sana. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kufundisha upimaji ardhi katika chuo kikuu chao, na pimamaji ni kitu alichokishika maisha yake yote. Akawa anawaambia majirani kwamba binti yake kamletea mkwe mwenye jina la kifaa chake cha kazi. Washenga walikuja, wakapokelewa vizuri, kukabaki kupanga siku.

Kisha moyo wa mama ukaanza kuchoka. Daktari alimvuta Mkutubi kando kwenye korido, akamwambia kwa upole kwamba sasa ni kumtunza tu. Mama hakuomba makubwa. Aliomba ajione mle kamusini walimo wenzake. Wanaume aliofundisha nao wote walikuwa na kurasa zao, hata yule aliyekuwa akisinzia darasani kwake mwenyewe, na yeye alikuwa hayumo. Asiyekuwapo na lake halipo, alisema, lakini mimi nilikuwapo.

Basi Mkutubi akauandika. Haukumaliza wiki, mhariri mmoja akaomba ufutwe kwa kukosa chanzo, na mjadala ukafunguliwa. Shida ilikuwa kweli shida. Chapisho pekee lililomgusa mama ni kitabu cha jubilei ya chuo, na ndani yake picha ya idara. Wanaume wamesimama, kila mmoja na jina lake na shahada zake, na mwisho wa mstari pameandikwa "pamoja na karani wa idara". Huyo karani ni mama, mkono wake umeshika miguu mitatu ya darubini ya kupimia. Waliokitunga kitabu waliona mwanamke, wakajijibu wenyewe. Barua ya kuajiriwa kama mwalimu ilikuwepo kabatini, lakini kamusi haipokei karatasi za kabatini kwa mtu. Inataka kilichochapishwa na watu wa nje.

Mkutubi alijitaja pale mjadalani kwamba yeye ni mtoto wa huyo anayeandikwa, kisha akanyamaza kama kanuni inavyotaka. Akamfuata Pimamaji, akambembeleza aandike gazetini habari za mama, hata fupi. Pimamaji akakataa taratibu. Mkwe akimsifu mama mkwe gazetini, nani ataamini? Mkutubi akaona ana hoja, akayameza. Asichokijua siku hiyo ni kwamba bwana yule alirudi kazini kwake, akaufungua mjadala ule, akaandika haya:

"Ufutwe. Hakuna chanzo huru kinachoonyesha kwamba alifundisha. Chanzo pekee kilichopo kinamtaja kama karani. Ninakiri pia kwamba ninatarajia kumwoa binti yake, na nimeandika haya nikilijua hilo."

Jamani. Hata hilo alilikiri!

Basi siku ile mama alipogeukia ukutani, Mkutubi alitoka nje barazani, akapiga simu. Pimamaji akapokea mara moja.

"Umesoma," alisema, hata salamu hakutoa.

"Amesoma mama."



"Sikujua anasoma mijadala."

"Ulikaa miguuni pake ukamsikiliza akisimulia alivyowafundisha. Ulikuwa humwamini?"

"Nilimwamini. Namwamini mpaka sasa. Ila kamusi haiulizi mimi naamini nini. Angekuwa mama wa mtu mwingine ningesema hivyohivyo. Nikipindisha kwa huyu kwa kuwa ni mama yako, kesho mtu atasema wale wote tuliowaandika ni mama zetu na shangazi zetu. Watafutwa wote."

Ubaya wake ni kwamba hakukosea. Mkutubi akakata simu. Machozi yalimtoka palepale barazani, na jirani aliyekuwa akifagia akajifanya hamwoni.

Baada ya siku chache ukaja ujumbe: "Ukurasa umefutwa leo. Nakala nimeiweka. Tukipata chanzo tutaurudisha. Nakupenda sana." Mkutubi aliusoma akiwa kati ya rafu za vitabu, akaendelea kupanga vitabu.

Mama aliuliza jioni hiyohiyo. Mkutubi alitaka kudanganya, ulimi ukagoma. Akamwambia. Mama akaitikia kwa kichwa, akaomba achuliwe miguu iliyokuwa imevimba.

"Usije ukamwacha kijana wa watu kwa ajili yangu," alisema. "Mwanamume asiyedanganya hata kwa mama mkwe, wapo wangapi?"

"Lala, mama."

"Nalala." Akafumba macho, kisha akayafumbua. "Ila karani wetu alikuwa mwanamume. Mnene, na mwandiko mzuri sana. Sasa kama mimi ndiye karani, yeye wamemweka wapi?"

Wakacheka wote wawili, na hicho ndicho kicheko chao cha mwisho. Mama alifariki asubuhi iliyofuata, Mkutubi akimpoozea chai.

Sitaki kukusimulia kilio. Nitakusimulia waliokuja. Walikuja watu wazima wenye mvi, wahandisi, wapimaji, na mmoja wao mhandisi mkubwa ambaye akienda popote waandishi wa habari wanamfuata. Akasimama mbele ya waombolezaji akasema mwalimu huyu alimwangusha mtihani wa kwanza, na alistahili kuangushwa, na kila barabara aliyoijenga tangu hapo aliipima kwa macho aliyopewa na yeye. Chuo nacho kikaamka. Kikatoa tanzia magazetini: mwanamke wa kwanza kufundisha upimaji ardhi chuoni hapo. Yale maneno ambayo mama aliyatafuta akiwa hai yakamwagika kwa wingi siku ya kumzika. Kufa kufaana, wanasema, ila sijui hapa alifaidi nani.

Watu walipotawanyika, Pimamaji alikuja. Muda wote wa msiba alikuwepo, akibeba viti, akichota maji, akikaa nyuma na wanaume. Sasa alikaa barazani, gazeti la Jumapili gotini na simu mkononi. Alikuwa amekonda.

"Ukurasa umerudi," alisema, akampa simu.

Mkutubi akasoma. Ukurasa ulikuwa mzuri kuliko ule wake. Alikozaliwa, alikosomea, darasa lake la kwanza, jinsi alivyowapeleka wanafunzi vilimani na mvua. Ile picha ya idara ilikuwepo, na maelezo yake yalisema wazi kwamba kitabu cha jubilei kilimwita karani kwa makosa. Chini vyanzo vimepangwa: tanzia ya chuo, na makala ya ukurasa mzima gazetini. Hakuna wa kuufuta tena. Alisoma mpaka mwisho, akarudia, akitafuta kosa, akakosa.

"Makala hii nani kaiandika?"

"Mwenzangu mmoja. Tunakaa meza moja."

"Ulimwomba?"

"Nilimwomba siku ya mazishi. Akakubali palepale."

Mkutubi akaweka simu chini.

"Ungemwomba mwenzako huyo mama akiwa bado hai, angekataa?"

 Pimamaji akalikunja gazeti, akalikunjua.

"Asingekataa."

"Sasa kwa nini hukumwomba?"

"Haikunijia. Haki ya Mungu haikunijia. Nilishaandika ufutwe, nikaona wajibu wangu umekwisha. Nikawa nangoja chanzo kije. Meza moja, na mimi nangoja kije."

Akalia, mtu mzima, uso kwenye gazeti. Mkutubi akamshika mkono. Nisikufiche: alimpenda. Alimpenda saa ile kuliko siku zote, kwa kuwa hata kosa lake hakulivika nguo. Akamwacha alie mpaka akatulia.

"Mama alisema nisikuache."

"Basi usiniache."

"Mama alikuwa anakuonea huruma. Yeye alikuwa anaondoka, mimi ndiye wa kukaa na wewe." Bado alikuwa amemshika mkono. "Siku nikikwambia kuna kitu kinaniuma, utaniamini. Najua utaniamini. Kisha utakaa ungoje mtu wa nje aje aseme."

Pimamaji akafungua mdomo. Alikuwa mtu wa hoja, na Mkutubi alimpa nafasi, akangoja kwa moyo wote aisikie hiyo hoja. Haikuja.

Akamsindikiza hadi getini. Washenga waliambiwa kwa heshima kwamba posa imevunjika, na pande zote mbili hakuna aliyemtukana mwenzake. Mkutubi anaendelea na kazi yake ya jioni, na wanawake wanazidi kuingia kwenye historia ya vyuo, mmojammoja. Yeye na Pimamaji wakikutana mjadalani wanajibizana kwa adabu, kuhusu miaka na picha.

Ukurasa upo. Wanafunzi wanausoma, wahandisi wanautumiana, na chuo chenyewe kimeunakili kwenye tovuti yake. Umesomwa na watu wengi sana, isipokuwa yule mmoja aliyeuomba.