Bahasha ya Mnara

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Karakana iko mbele ya nyumba yetu, kwa hiyo hata chai tunayokunywa ina harufu ya chuma kilichoungua. Watu wanamwita Cheche, naye analipenda jina hilo. Mimi napokea wateja, napokea hela, naandika risiti. Nalisema hili mapema msije mkadhani nasimulia makosa ya mtu mwingine. Mwandiko ulikuwa wangu.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, Cheche alikaa mezani na bahasha kubwa ya kaki. Juu yake alikuwa ameandika: MNARA. Kanisa letu lilikuwa linajenga mnara wa kengele, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Sasa sikilizeni hela ya bahasha ilitoka wapi. Biashara yetu imesajiliwa. Kila mteja tulimtajia bei pamoja na kodi ya mauzo, naye alilipa yote. Kodi ile tulitakiwa kuipeleka ofisi ya kodi kila mwezi. Cheche aliipeleka kanisani. Hakubakiza hata ya soda, na hilo ndilo lililomfanya ajione mtakatifu.

"Hawa wa serikali vitambi vinawatosha," aliniambia huku akilamba gundi ya bahasha. "Ukiwapa, wananunua magari. Bora nimpe Mungu. Yeye haibi."

"Na siku wakija kukagua?"

"Mke wangu, imani yako ndogo."

Kitabu cha risiti halali kilikaa kabatini, hata plastiki yake haijafunguliwa. Ofisi ya kodi tuliiambia kwamba biashara ni mbaya, hatuuzi kitu. Wateja niliwaandikia kwenye kitabu cha kawaida kilichonunuliwa duka la madaftari, nikagonga muhuri wetu wenye namba ya kodi. Nani angejua? Jumapili ilitangazwa kamati ya mnara imepata kiasi gani, watu wakapiga makofi, nami nikaweka sawa kitambaa changu cha kichwa. Nilipenda makofi yale. Nayakumbuka kwa aibu.

Ng'ambo ya barabara anakaa Mwalimu. Wakati huo alikuwa mkuu wa shule ya mtaa wetu. Ndiye aliyesimamia harusi yetu. Siku ile Cheche alitetemeka mpaka pete ikamponyoka, na Mwalimu, na gauni lake refu, akapiga magoti kuitafuta chini ya benchi. Tangu hapo, miaka ishirini na mbili, hakumwita mume wangu kwa jina jingine ila Bwana Harusi.

"Bwana Harusi, umekula?"

"Bwana Harusi, punguza kelele, nasahihisha madaftari!"

Shule ilipotaka madirisha kumi na sita, Mwalimu alikuja kwetu. Kazi ilifanyika vizuri. Siku ya kulipa akasema, "Bwana Harusi, hela hii ni ya shule. Nataka risiti halali."

"Dada! Unanidai risiti kama mtu baki?"

"Nakudai kama mwalimu mkuu."

Cheche akanikonyeza. Nikaandika kwenye kitabu kilekile cha dukani, nikagonga muhuri. Mwalimu aliikunja bila kuisoma, akaitia mkobani. Hakuwa na sababu ya kunishuku mimi.

Miezi minne baadaye wakaguzi walifika shuleni. Walipouliza ofisi ya kodi, wakaambiwa risiti ile haitambuliki na mauzo yale hayapo. Mwalimu akasimamishwa kazi. Kufikia jioni mtaa ulikuwa umeshahukumu: Mwalimu kaghushi risiti, kala hela ya shule. Madirisha yenyewe yalionekana mpaka barabarani! Lakini nani atazame madirisha wakati amepata umbea?

Kesho yake asubuhi alikuja. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Nendeni mkaseme ukweli," alisema. "Semeni tu kwamba risiti ile mliandika ninyi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nitastaafu na jina la mwizi?"

Cheche akatazama viatu vyake. "Dada, jambo hili ni zito. Tutakuombea."

Tutakuombea! Sijawahi kutamani kumzaba mume wangu kofi kama asubuhi ile. Mwalimu alinigeukia mimi. Nami, mwenye mwandiko, nikashika ufagio nikajitia kufagia. Alivuka barabara bila kuaga.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kwa mchungaji nikamwaga yote. Hakunikatiza. Alichukua kofia yake, akaja nami mpaka karakana, akaketi juu ya kitanda kisicho na mbao. Cheche alipomwona, akajua. Akaniangalia kwa jicho baya, kisha akaanza kujitetea.

"Mchungaji, sikujinufaisha. Kila senti ilikwenda nyumbani mwa Bwana."

"Nikuulize," mchungaji akasema. "Ukimtuma mwanao dukani, umempa hela ya sukari, akaitia kwenye sahani ya sadaka, utamsifu?"

"Nitamuuliza sukari iko wapi."

"Basi. Wateja walikupa kodi uifikishe. Ulikuwa umetumwa. Hukutoa sadaka, ulitoa hela ya watu."

"Lakini wanakula, Mchungaji! Hospitali haina dawa, barabara ina mashimo, wao wanakula!"

"Wapo wanaokula. Wakamatwe, wafungwe. Lakini wewe utasimama wapi kuwauliza, na hujapeleka kitu? Bwana wetu alipoulizwa kuhusu kodi, aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Kaisari wa siku zile hakuwa malaika. Hata hivyo Bwana hakutuambia tumnyime Kaisari haki yake ili tumpe Mungu. Ni madeni mawili. La huku halilipwi kwa hela ya kule."

"Mimi sikula, Mchungaji," Cheche akasema, sauti imeshuka.

"Ulikula makofi ya Jumapili. Na Mwalimu ndiye anayeyalipia."

Cheche alivua glovu zake, akaketi chini sakafuni. Mume wangu alilia, machozi yakachora njia kwenye masizi ya uso wake. Sikumbembeleza. Nilikuwa na yangu ya kulia.

Siku ileile tulikwenda ofisi ya kodi na kitabu cha dukani mkononi. Afisa aliyetupokea ni dada mmoja asiyecheka hovyo. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mmekuja wenyewe," alisema. "Hilo litaangaliwa, lakini deni na faini viko palepale. Mnaweza kuomba kulipa kidogokidogo. Kuanzia leo, kila anayenunua apewe risiti halali, hata asipoidai. Kodi yake itengeni, msiiguse, si mtaji wenu. Kila mwezi leteni taarifa ya kweli, hata mwezi mliouza kitanda kimoja. Mkiwa na mashaka, njooni muulize. Kuuliza hakulipiwi."

Cheche akaandika maelezo na kutia sahihi. Nami nikatia yangu.

Jumapili iliyofuata Cheche alisimama kanisani akajiuzulu uenyekiti wa kamati. Mchungaji akatangaza kwamba hela yote iliyobaki ya bahasha zile itarudishwa, ilipwe kodi. Hakuna aliyepiga makofi. Ujenzi ukasimama. Deni lililobaki tulililipa kwa mwaka mzima na miezi saba, na mashine kubwa ya kukatia chuma ikauzwa. Mpaka leo wapo kina mama wasiopokea salamu yangu. Wananiita Mbomoa Mnara.

Sasa tunatoa risiti kwa kila mteja. Nalala vizuri. Kwenye mkutano wa mtaa Cheche aliuliza hela ya kukarabati zahanati imekwenda wapi, akasubiri jibu amesimama, na mwezi uliofuata paa lilianza kuezekwa. Hayo ni mema, nami nayahesabu.

Mwalimu alisafishwa kwa barua yenye muhuri. Lakini shule yake ilikuwa imeshapewa mkuu mwingine. Walimpeleka shule ya mbali akamalizie huko miaka yake miwili. Tulikwenda kumwomba msamaha. Alisema ametusamehe, akatufungulia mlango tutoke.

Juzi bawaba ya geti lake ilivunjika, akaja karakana. Cheche aliitengeneza haraka, akakataa hela. Mwalimu akaiweka mezani, akasubiri risiti. Nikaandika. Safari hii hakuikunja. Alivaa miwani, akasoma namba moja baada ya nyingine, tarehe, kiasi, kodi, mpaka mstari wa mwisho. Sisi wawili tulisimama tukimngoja kama wanafunzi.

Alipomaliza, aliitia mkobani.

"Asante, fundi," akamwambia mume wangu, akavuka barabara.